Kopo la Maziwa Siku ya Hina

Kabla hajaolewa, dadangu aliniomba kitu kimoja tu: picha yake na bibi yetu, wamekaa pamoja siku ya hina. Picha nyingine zote za harusi zilikuwa na wapigaji wake. Hii haikuwa na mtu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bibi mwenyewe, ambaye umri wake wote alikuwa amepigwa picha ya kitambulisho tu, na hata hiyo huiweka kifudifudi ndani ya kibeti. Ya pili ni shangazi.

Kwetu Mwabungo siku ya hina ni ya sisi wanawake peke yetu. Uani huzungushwa mashuka, mitandio huvuliwa, na watu wazima wenye wajukuu hucheza namna ambayo waume zao hawajawahi kuwaona wakicheza. Ndiyo maana simu haziingii. Kuna harusi moja ya nyuma ambayo kipande cha video kilitoroka, kikazunguka kwenye makundi ya simu mpaka kikamfikia dereva mmoja pale steji ya Ukunda, naye alipokutana na aliyekuwa akicheza akamwambia, kwa adabu zote, kwamba kiuno chake mashaallah. Tangu hapo shangazi, dada mkubwa wa baba, hukaa mlangoni na kapu la ukindu. Unaingia na zawadi yako, unatumbukiza simu kapuni, unarushiwa marashi, unapita. Amewahi kumpokonya simu mama wa bi harusi.

Nilimuuliza dada kwa nini asipige picha na bibi siku nyingine yoyote.

"Siku nyingine bibi hakai," akasema. "Ama yuko jikoni, ama yuko njiani anakwenda kumsema mtu. Siku ya hina hana budi, ni yeye atakayenishika mkono."

"Kwa nini lazima ushikwe mkono?"

"Na siku nyingine mimi si bi harusi."

"Lakini kwa nini ushikwe mkono?"

"Mdogo wangu, nenda kauze maswali sokoni Kombani, huku hayana wanunuzi."

Maswali ndiyo niliyorudi nayo kutoka chuo kikuu, pamoja na shahada ya fizikia ambayo mpaka leo inatafuta kazi. Nyumbani wamenizoea. Nikiuliza kwa nini ubani huchomwa magharibi na si adhuhuri, mtu ananipa kitunguu nimenye. Lakini dada alikuwa na mashaka ya kweli. Alikuwa anaolewa Msambweni, ambako si mbali hata kidogo, lakini alisema hivyo hivyo: kwamba atakuwa kwenye nyumba ya watu, na anataka ukuta wake uwe na bibi.

Nilianza kufikiri kwa kulala. Ilikuwa mchana, joto limetulia juu ya mabati, na dirisha la chumba chetu lilikuwa limefungwa. Kwenye ubao wa dirisha hilo kuna tundu dogo lililoachwa na msumari. Nikaona kuku wa jirani anapita ukutani, kichwa chini, miguu juu. Nyuma yake akapita jirani mwenyewe, naye kichwa chini, amebeba ndoo ambayo haimwagiki. Nilikuwa nimefanyia mtihani jambo hili, nimelichorea mistari na mishale, nikapata alama nzuri, na sikuwa nimewahi kuliamini hata siku moja. Nuru haipindi. Inayotoka miguuni mwa kuku inapanda juu, inayotoka kichwani inashuka chini, tundu linazikutanisha, ukuta unapokea. Chumba chetu kilikuwa kamera tangu kabla sijazaliwa na hakuna aliyetuambia. Nilikaa kitandani nikicheka peke yangu mpaka dada akaja kuangalia kama nina homa.

"Nitakupigia picha yako," nikamwambia.

"Kwa nini unacheka?"

"Kuku amepita."

Nikatafuta kopo. Nyumba yoyote ina makopo ya maziwa ya unga. Letu lilikuwa kubwa, na mfuniko wake unabana sawasawa. Nililipaka weusi kwa ndani kwa masizi ya sufuria niliyokoroga na gundi, nikakata tundu pana ubavuni. Juu ya tundu hilo nikabandika kipande cha mkebe wa soda, baada ya kukitoboa kwa ncha ya sindano nyembamba kuliko zote za bibi na kukisugua kwa msasa hadi kingo za kitobo zikalainika. Kifuniko cha kitobo kilikuwa tepu nyeusi ya mafundi wa umeme. Ukiibandua, kopo linaona. Ukiirudisha, limelala. Hiyo ndiyo kamera yote.

Karatasi zilikuwa shida zaidi. Nilizipata Ukunda kwa mzee mmoja wa studio ambaye siku hizi hupiga picha za pasipoti kwa kompyuta. Juu ya rafu yake kulikuwa na boksi la karatasi za picha za zamani, zile zinazoungua zikiona nuru, na chupa ya dawa ya kugandishia picha ili isiendelee kubadilika. Alinipa vyote bure, akisema anataka tu kuona kama bado vinafanya kazi, kwa sababu yeye haamini. Nilimwambia hata mimi siamini, tukapeana mikono. Dawa ya kutokezea picha hakuwa nayo, na hapo nikajifunza kwamba inaweza kupikwa jikoni: kahawa kali, magadi yaliyokaangwa kwanza kwenye sufuria kavu, na vidonge vya vitamini C vilivyopondwa. Harufu yake ni ya mkahawa ambao mwenyewe amefilisika.

Karatasi ya kwanza ilitoka nyeusi tii. Ya pili ikatoka nyeupe pe. Ya tatu ilikuwa na ukungu wa unyevunyevu wa pwani, na baada ya kupekua boksi zima nikaona nyingi ziko hivyo hivyo. Nikaziba mfuniko kwa tepu zaidi, nikabadilisha kitobo, na siku moja nikapanda kwenda Kombani, nikaliweka kopo juu ya ukuta likitazama soko, nikabandua tepu, nikasimama kando nikila muhogo wa kuchoma. Soko lilikuwa limefurika. Watu walipita, mikokoteni ilipita, mama mmoja akaliinua kopo kuona kama lina kitu, akalirudisha mahali pake.

Usiku, ndani ya stoo yetu yenye giza, nikaipikia ile karatasi kahawa yake. Picha ilitoka. Meza zilikuwepo, marundo ya nazi yalikuwepo, nguzo za umeme zilikuwepo, na mtu hakuwepo hata mmoja isipokuwa kijana aliyelala juu ya mkokoteni, ametoka vizuri mpaka nyayo. Wengine wote walikuwa wamefutika, kwa sababu kopo huona polepole mno: anayekwenda halimwoni, aliyetulia linamwona. Nilitoka stoo nikiruka. Kitu nilichokuwa nikikiona kama kilema cha kamera ndicho kilichokuwa kinafungua mlango wa shangazi.

Siku iliyofuata nikamkuta shangazi anapembua mchele.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Sema shida yako. Ukisalimu kwa sauti hiyo una lako."

Nikaweka kopo mbele yake. "Hii ni kamera."

"Hilo ni kopo la maziwa. Maziwa yake nimekunywa."

"Ni kamera, shangazi."

"Kioo chake kiko wapi?"

"Haina kioo."

"Betri?"

"Haina."

"Basi ni kopo."

Nikampa picha ya Kombani. Kama ilivyo picha yoyote inayotoka moja kwa moja koponi, rangi zake zilikuwa zimegeuka, weupe umekuwa weusi na weusi umekuwa weupe, na ilinibidi nimweleze hilo kwanza. Aliitazama akiwa ameisogeza mbali na macho.

"Watu wako wapi?"

"Walikuwa tele. Anayetembea hatoki. Anayetulia ndiye anayetoka."

"Na huyu?"

"Huyo alikuwa amelala."

Shangazi aliweka ungo chini. "Kwa hiyo mtu akiwa anacheza hatoki."

"Hatoki."

"Na mwenye kutaka kutoka akae kimya."

"Akae kimya kabisa."

"Na karatasi yenyewe ni moja, hairushwi kwenye makundi."

Hapo nilijikuna kidogo, maana sipendi kuahidi nisichoweza kukitetea. "Mtu akiipiga picha kwa simu, hiyo ya simu itarushwa."

"Simu zitakuwa kapuni, na kapu litakuwa miguuni mwangu," akasema. Kisha akatoa hukumu, na ilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia: "Asiyetaka kuonekana, acheze."

Bibi alikuwa mgumu zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kujadiliana naye kuhusu haramu na halali, nimesoma pande zote mbili, nina hoja. Hakutaja hata moja. Alitoa kitambulisho, akakigeuza haraka kikaonekana, akakigeuza tena.

"Umeona?"

"Nimeona, bibi."

"Nafanana na nani?"

"Na wewe."

"Nafanana na mwizi wa kuku aliyeshikwa na kuku mkononi. Picha yako nitaiona mimi mwanzo, kabla ya mtu yeyote. Nikiwa hivi, inaingia kwenye chetezo na udi."

"Na dada je? Ndiyo zawadi anayoitaka."

"Dadako atapewa zawadi nyingine. Wapo watu wanaoleta vyombo."

Basi ndivyo mambo yalivyosimama. Karatasi nzuri zilikuwa zimebaki mbili, na zote mbili nilikuwa na kazi nazo. Ya kwanza ingeingia koponi. Ya pili ningeilaza chini ya ile ya kwanza, nizimulike pamoja, ili weusi na weupe virudi mahali pake na bibi ajione kama alivyo. Sikuwa na ya tatu.

Siku ya hina ilifika na kelele zake. Dada alikuwa amewekwa juu ya godoro uani, chini ya turubai, mgongo wake kwenye shuka jeupe, na mpakaji wa hina alikuwa ameinama juu ya mikono yake kama mshona viatu. Kazini kwake, hoteli moja ya Diani, dada alikuwa amemwalika mwenzake mmoja tu wa mapokezi, msichana kutoka bara, ambaye alikuwa amefungwa leso mbili na bado moja inamteremka. Aliponiona na kopo alinivuta kando.

"Manze, hiyo kitu inapiga picha kweli?"

"Inapiga."

"Ju mimi nimeambia boss niko hosi. Niko kwa drip. Nikionekana hapa nimekwisha."

"Basi cheza. Usisimame mahali pamoja, hutatoka."

"Nicheze mbele yake kabisa?"

"Mbele yake kabisa."

Aliniangalia kama mtu anayeuziwa saa barabarani, lakini alivua viatu, akaviweka kando ya godoro, akaanza kujinyoosha.

Nilikuwa nimelipakia kopo karatasi asubuhi, gizani, nikaliweka kitandani pamoja na vitu vya dada. Nilipokwenda kulichukua nililinusa kabla ya kulishika. Lilinukia udi. Halikunukia kama kitu kilichokaa karibu na udi, lilinukia kama mtu aliyefukizwa kwa mapenzi. Kila kinachomkaribia bi harusi kwetu hupitishwa juu ya chetezo, nguo, nywele, shuka, leso, na bibi ndiye anayeisimamia kazi hiyo kila harusi. Nikamwendea na kopo mkononi.

"Bibi, umelifukiza?"

"Nimelifukiza. Lilikuwa linanuka masizi."

"Nje tu?"

"Nje kuna haja gani? Nimelifungua, nikalifunika juu ya chetezo, moshi ukaingia vizuri. Nikalifunga tena kwa tepu zako, usiogope."

"Umelifungua mchana."

"Ningelifukizaje ndani bila kulifungua?"

Karatasi ya kwanza ilikuwa imeona jua, chetezo, dari na sura ya bibi kwa pamoja. Nikaingia stoo, nikaziba mlango kwa leso, nikawasha tochi niliyoivisha puto jekundu, maana nuru nyekundu karatasi hizi haziioni, na nikaweka ile ya mwisho. Sasa haikuwapo ya kugeuzia rangi. Picha ikitoka, itabaki vile vile ilivyotoka koponi, na bibi atajiona kinyume: huyo bibi aliyejifananisha na mwizi wa kuku hata rangi zikiwa sawasawa. Nilitoka stoo nikacheka tena, kicheko cha mtu aliyeona gari lake la mwisho linaondoka na viatu vyake.

Nikamnong'oneza dada. Hakuweza kunishika maana mikono yote miwili ilikuwa imejaa hina mbichi, imelazwa juu ya mto kama vitumbua vinavyopoa. "Atakuwa na rangi gani?" akauliza.

"Weusi utakuwa weupe."

"Atachoma."

"Pengine."

"Piga hivyo hivyo," akasema. "Ila mkalishe karibu."

Bibi alikuja akiwa amevaa buibui lake jeusi la hariri, lile la kutokea, na wanja machoni, kwa maelezo kwamba picha ni jambo la nje hata ikipigwa ndani. Akakaa kando ya dada, akamshika juu ya kiwiko mahali ambapo hakuna hina. Nikaweka kopo juu ya kinu kilichopinduliwa. Nikawaeleza wote waliokuwepo: anayetaka kutoka asitikisike, asiyetaka acheze, na muda utapimwa kwa wimbo, kwa sababu simu yangu ilikuwa kapuni pamoja na za wengine na hakuna aliyevaa saa. Nilikuwa nimepima nyumbani. Wimbo mmoja wa vugo, ngoma yetu ya kugonga pembe, beti zote, na kiitikio, unatosha kwa kivuli cha turubai.

Nilichosahau ni kwamba waimbaji wetu hawajui kuuacha wimbo na beti zake. Nikabandua tepu. Pembe zikagongwa, sauti zikapanda, uani wote ukaanza kucheza kwa bidii ya watu wanaojificha. Msichana wa bara alipita mbele ya kopo mikono juu, akarudi, akapita tena, leso imeshafika magotini. Shangazi alicheza akiwa amekaa, kapu kati ya miguu yake. Na bibi na dada wakatulia, mgongo wima, macho mbele, wakubwa kama viongozi kwenye noti.

Beti za kawaida zikaisha. Nikanyoosha mkono kwenye tepu. Aliyekuwa anaongoza akaniona, akavuta pumzi, akaanzisha nyingine:

"Mwenye kopo, mwenye kopo, umelitoa wapi?"

Uani wakaitikia: "Maziwa umeyanywa, mume yuko wapi?"

Nikarudisha mkono. Kwa hesabu zangu muda ulikuwa umetosha, lakini hesabu zangu hazikuwa na moshi wa udi na wingu lililokuwa limeingia juu ya turubai, na nikajiambia labda kidogo zaidi ni heri. Huo ndio udhuru wangu wa kisayansi. Ukweli ni kwamba nilitaka kusikia ubeti unaofuata.

"Amesoma, amesoma, mpaka chuo cha juu!"

"Amerudi na mkebe, anautazama tu!"

Dada alikuwa amejibana. Nikaona shingo yake inatetemeka. Akang'ata midomo, akafumba macho, akayafumbua, kisha bega likaanza, kisha kichwa, na mwishowe akaangua kicheko huku mikono yake ikiwa bado imelala juu ya mto, maana hata kicheko hakiwezi kumfanya bi harusi aharibu hina. Machozi yalimtiririka na hakuweza kuyafuta. Bibi hakupepesa. Alimwambia kupitia meno, bila kusogeza mdomo, "Tulia, mwana wee, usiniharibie sura," na hilo likammaliza kabisa. Nikafunga tepu.

Bibi alinifuata stoo. Nilimwambia ni giza, akasema yeye alikuwa akizaa gizani. Shangazi akasimama nje akashika leso mlangoni isipeperuke. Ndani tulikuwa mimi, bibi, tochi ya puto jekundu, na beseni la kahawa na magadi. Nikatumbukiza karatasi.

"Bismillahi," bibi akasema. Kisha: "Hakuna kitu."

"Subiri, bibi."

"Karatasi imelowa kahawa. Hata mimi naweza."

Halafu ikaanza. Kwanza shuka la nyuma, likitokea jeusi taratibu kama maji yanayopanda kwenye utambi. Likatokea godoro. Likatokea umbo, na umbo likawa mtu, na nilihisi kucha zake kwenye mkono wangu. Kila nikiikumbuka dakika ile najiuliza kwa nini inaniwehusha hivyo. Naijua kemia yake, naweza kuiandika ubaoni. Haisaidii. Nilikuwa narukaruka pale nilipo, kimya kimya, na bibi, sina hakika, lakini kitu kilikuwa kinaruka kando yangu pia.

Niliigandisha, nikaisuuza, tukatoka nayo kwenye mwanga. Bibi aliipokea kwa ncha za vidole na kuwageuzia watu wote mgongo.

Buibui lake lilikuwa jeupe. Jeupe lote, tangu kichwani, linamiminika, na kila mkunjo wa hariri umeshika mstari wake. Uso ulikuwa mweupe wa kijivu, mtulivu, na wanja ulikuwa umekuwa nuru kuzunguka macho. Nyuma yake giza tupu. Kando yake, mahali pa dada, kulikuwa na mto, na juu ya mto mikono miwili iliyotoka vizuri ajabu, kila ua la hina na kila jani, jeupe juu ya kijivu. Juu ya mikono hapakuwa na mtu. Palikuwa na kitu kama mvuke wa chungu. Uani mzima ulikuwa umefutika, na kando ya godoro vilibaki viatu viwili vya mapokezi ya hoteli, vimepangwa kwa heshima.

Chetezo kilikuwa pale, makaa yake mekundu. Dada alikuwa anaangalia mgongo wa bibi, na mimi naangalia chetezo.

"Bibi," nikasema, "ni kwa sababu rangi zimegeuka. Nikipata karatasi nyingine naweza kuzirudisha."

"Zirudi wapi?"

"Uwe mweusi tena."

"Nani amekutuma?" Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Sikujua nina pua hii."

Alimwonyesha shangazi, kisha waimbaji, kisha mpakaji wa hina, mmoja mmoja, bila kuiachia. Msichana wa bara aliingiza kichwa, akatafuta, akaona viatu vyake.

"Si ni mimi huyo? Ai, boss akiona hizi viatu atazijua."

"Boss wako hukutazama miguu?" shangazi akauliza, na uani ukaanguka tena.

Mwisho bibi akamfikishia dada. Dada aliitazama kwa muda. Kicheko kilikuwa kimeisha usoni mwake.

"Mimi sipo," akasema.

"Mikono yako ipo," nikamwambia.

"Nilitaka tuwe wawili."

"Ungekaa kimya tungekuwa wawili," bibi akasema. "Nilikwambia."

Dada akainamisha kichwa. Akaitazama tena, akaisogelea mpaka pumzi yake ikaigusa, maana hakuweza kuishika, na nikaona jinsi alivyokuwa anapita polepole kutoka kwenye mvuke wake kwenda kwenye uso wa bibi, na kubaki hapo. "Haidhuru," akasema. "Nilimtaka yeye. Mimi najijua. Mdogo wangu, niwekee kwenye sanduku, kati ya nguo, isikunjike."

Nikanyoosha mkono. Bibi akaiingiza picha ndani ya buibui.

"Haiendi Msambweni," akasema.

Dada akainua kichwa.

"Bibi, ni zawadi yangu."

"Ni sura yangu."

"Ulisema ukiipenda nitapewa."

"Nilisema nisipoipenda nitaichoma. Sikusema nikiipenda itakuwaje. Sikujua nitaipenda." Akajifunga leso juu ya buibui, mara mbili. "Itakaa kwangu. Ukitaka kuiona, njia ya kuja unaijua."

"Nitakuja vipi kila mara, bibi? Nitakuwa nyumba ya watu."

"Ndiyo nakupa sababu. Utawaambia unakuja kutazama picha yako. Nani atakukataza?"

Dada alinitazama mimi, mtu wa hoja. Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema kwamba sababu ya kumtembelea bibi yako haihitaji karatasi, kwamba Msambweni ni pua na mdomo, kwamba bibi alikuwa anateka nyara mbele ya mashahidi. Nikaona mkono wa bibi umebaki juu ya kifua, juu ya ile leso, haushuki, na nikaona kwamba hakuwa anacheka kama sisi.

"Ijumaa," dada akasema.

"Ijumaa ipi?"

"Hii ya kwanza."

"Ya kwanza ni mapema, watasema tumekulea vibaya. Njoo ya pili."

"Nakuja ya kwanza."

"Utatuaibisha."

"Nakuja ya kwanza, bibi, na utanipa niishike mwenyewe."

"Hina ikiwa imekauka," bibi akasema, na waimbaji, ambao hawawezi kuachiwa nafasi, wakalifanya hilo kuwa kiitikio.

Alikuja Ijumaa ya kwanza. Mume wake alibaki barazani anazungumza na baba, na dada akaingia moja kwa moja mpaka chumbani kwa bibi, mikono mbele, hina imekoza rangi ya njugu. Nilimfuata kwa sababu siwezi kutofuata.

"Shikamoo bibi. Iko wapi?"

Bibi alikuwa amekaa kitandani, amevaa vizuri kuliko siku ya kawaida, na sinia limefunikwa kawa kando yake.

"Marahaba," akasema. "Kula mwanzo."